Nimetoa Matumbo ya Amplifaya ya Baba Mkwe

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba unishike mkono, na ikiwezekana unishike kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku ninayotarajia kuumbuka mbele ya mtu ninayemheshimu kuliko karibu wote, na jina langu tafadhali usiliandike kwa sababu mtu mwenyewe ni msomaji wako, ingawa huko aliko gazeti humfikia likiwa limeshamaliza wiki nzima.

Mimi ni fundi wa redio, mwaka wa kumi na moja sasa, nina duka langu dogo la matengenezo na sijawahi kurudishiwa kazi zaidi ya mara mbili. Baba mkwe wangu alipuliza saksafoni kwenye bendi kwa miaka ishirini na mbili, na mama mkwe alipofariki mzee akawaachia watoto nyumba ya mjini, akapanda zake mlimani akajenga kibanda cha mbao pembeni ya msitu, chumba kimoja na jiko na baraza, mahali ambapo nguzo ya mwisho ya umeme unaiacha nyuma kisha unatembea saa nzima. Alihama na vitu vitatu vya maana: santuri zake, spika mbili kubwa kama makabati, na amplifaya ya bendi, boksi la mbao na chuma lenye taa mbili za kijani na vidirisha viwili vya mita ambamo sindano hucheza muziki unapopigwa.

Umeme wake ni paneli moja ya sola juu ya bati na betri moja, ambayo inatosha taa tatu, simu na pampu ndogo ya maji, na hiyo nilimfungia mimi mwenyewe. Amplifaya haikuwemo kwenye hesabu. Kile kitu kilitengenezwa enzi ambazo watu walidhani umeme hauishi, kinakula wati themanini hata kikiwa kinanong'ona, na kwa kuwa kinataka umeme wa ukutani inabidi ule wa betri upite kwanza kwenye inveta ya kuugeuza, nayo inachukua chake njiani, kwa hiyo mzee akisikiliza santuri tatu nne siku ya mawingu, betri chali, taa hakuna, simu hakuna. Miezi saba iliyopita simu yake ilizimika siku mbili, mke wangu akapiga hadi akalia, tukapanda mlima mbio na shemeji yangu mkubwa, tukamkuta mzee amekaa barazani anamenya viazi, anatuuliza kuna nini.

Shemeji akasema pale pale kwamba simu ile ikizimika mara nyingine moja tu, mzee atateremka kuja kuishi kwake, chumba cha nyuma, na hakuna mjadala. Mzee aliendelea kumenya viazi, lakini niliona kisu kinakata nusu ya kiazi pamoja na ganda, na nikajiambia mimi ndiye fundi wa ukoo huu, hili ni la kwangu.

Nikaanza vizuri, Shangazi, nakuapia. Nilimwomba ruhusa nibadilishe mota ya plea yake ya santuri niweke ndogo inayotumia betri moja kwa moja, akakubali bila shida, akanishikia na tochi. Nikamweleza kwamba spika zake za zamani ni mali, kwa kuwa ni kubwa na hazihitaji nguvu nyingi, wati mbili tu zinakijaza kile chumba, akafurahi kama mtu aliyesifiwa watoto wake. Ndipo nikataja amplifaya. Akaniambia, "Hicho usikiguse. Kimecheza na mimi kila mahali, na siku kitakapofunguliwa na mimi nimekwisha." Nikasema sawa, baba.

Halafu nikafanya nilichofanya. Nilimwambia kitufe cha sauti kinakwaruza, nikishushe dukani nikisafishe vumbi tu, akakubali kwa shingo upande. Tulilibeba lile boksi mimi na jirani yake, tukapumzika mara nne njiani, jirani akanitukana mara mbili. Dukani nikalifungua, nikatoa kila kitu kilichokuwa ndani, transfoma, vyuma, nyaya, vyote, nikavifunga kwenye katoni na kila waya nimeuwekea karatasi yenye alama, kisha nikaweka humo saketi ndogo yenye ukubwa wa kiganja inayokula wati sita. Nikaunganisha taa za kijani. Nikaunganisha sindano zicheze. Na kwa kuwa ile ya zamani ukiiwasha ilikuwa inachukua muda kabla ya kutoa sauti, nikatengeneza na kichelewesho cha sekunde ishirini ili asishtuke. Nilifikiria pia kuuweka ule mvumo wake wa chini chini, nikaona hapo sasa nitakuwa nimevuka mpaka.

Siku ya kulirudisha mambo yalikwenda kwa neema. Nilipanda mlima peke yangu, mzee akanipokea mlangoni, akalitwaa boksi mikononi mwangu akaliweka mwenyewe kwenye rafu bila msaada wa mtu, miaka sabini na minne hiyo, na mimi nikafurahi kuona bado ana nguvu. Akawasha, tukangoja sekunde ishirini, muziki ukatoka. Akasikiliza upande mzima wa santuri amefumba macho, kisha akasema, "Hivi vitu vya sasa haviwezi kutoa sauti hii." Shangazi, nilitamani ardhi inimeze, na wakati huo huo nilitamani kuruka kwa furaha, maana sauti ilikuwa safi kweli.

Tangu siku ile betri haijazimika hata mara moja. Mzee anasikiliza kutwa, simu yake inapokea, shemeji hajataja tena chumba cha nyuma. Mimi nimekuwa nikipanda kila Jumapili eti kukagua nyaya, ukweli ni kwamba naogopa kitu kitalegea humo ndani kabla sijakiona. Aliyegundua ni paka wa mzee peke yake. Zamani alilala juu ya boksi kwa kuwa lilikuwa la moto, sasa halina joto, amehamia dirishani, na kila nikiingia ananitazama kwa namna nisiyoipenda.

Sasa Jumamosi hii anakuja rafiki wa mzee, wanamwita Mzee Nyaya, ndiye aliyekuwa fundi mitambo wa bendi yao. Amemwahidi mzee kwamba atalifungua boksi abadilishe vyuma vilivyochoka, na anakuja na pasi yake ya kulehemu. Akitoa skrubu nne tu nimekwisha. Mke wangu sijamwambia. Mzee alichukua miaka mitano kuniita mwanangu, kabla ya hapo nilikuwa "yule fundi". Je, nimrudishie vile vyuma kwa siri kabla ya Jumamosi, halafu betri ife na mzee ang'olewe kwake? Nimzuie Mzee Nyaya kwa uongo mwingine? Au niseme ukweli nivunje moyo wa mtu ambao ndiyo kwanza umepona? Silali, sili, na jana nimemrudishia mteja redio ya mtu mwingine.

Ni mimi,
Fundi Roho Juu

*

Barua hii ilinifikia Jumatatu. Kwa kuwa ukurasa huu hutoka Ijumaa na mwandishi wake alikuwa amebanwa na Jumamosi, sikungoja zamu yake. Nilimtumia jibu siku ile ile. Nalichapisha sasa kwa ruhusa yake na ya mtu mwingine mtakayemsikia mwishoni.

Mwanangu Roho Juu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikacheka na ya pili nikakasirika, kwa hiyo humu utakuta vyote viwili, uvumilie.

Nianze kwa kukupumzisha, maana naona hata chakula hakipiti. Baba mkwe wako anajua. Anajua tangu siku uliyolirudisha boksi. Mimi wati nazifahamu kwenye balbu tu, lakini nimehama nyumba mara saba, na kitu kilichowahi kuniumiza mgongo nakitambua hata nikiwa nimefumba macho. Boksi lilishuka mlima kwa watu wawili waliopumzika mara nne. Likapanda kwa mtu mmoja. Kisha mzee wa miaka sabini na minne akalitwaa mikononi mwako akaliweka kwenye rafu, na wewe ukasimama hapo kumpongeza kimoyomoyo kwa afya njema. Ulimtengenezea macho yake taa na sindano, ukamtengenezea masikio yake kichelewesho, ukaisahau mikono yake, mikono iliyolipandisha boksi hilo kwenye magari ya bendi miaka ishirini na mbili. Halafu unamhangaikia paka.

Sasa usishangilie mapema. Mtu anayejua na kunyamaza hajakusamehe. Anakusubiri, na wewe umemsubirisha miezi.

Kazi yako ilikuwa nzuri, hilo nalikubali. Ulimwona mzee wako akiharibu viazi kwa hofu ya kung'olewa kwake, ukasema hili ni la kwangu, na ukalifanya. Wangapi wangebaki wanajadili chumba cha nyuma hadi leo? Lakini sikiliza, kosa lako usilitafute kwenye saketi. Ulipoomba ruhusa ya mota ulipewa, na tochi ukashikiwa. Ulipoomba ya amplifaya uliambiwa usiguse, ukasema sawa baba, ukaenda ukagusa. Shemeji yako alitaka kumhamisha mzee bila kumuuliza, ukaona uchungu. Na wewe umemfanyia hivyo hivyo, ila kwa upole na kwa nyaya zenye alama. Wote wawili mmemchukulia kama mzigo wa kupangiwa pa kukaa.

Basi fanya hivi. Leo au kesho mwambie mke wako. Yule ni baba yake, na si haki alisikie hili siku moja na mgeni. Usimwombe akusemee, wala usimtangulize mbele kama ngao. Alhamisi funga duka, twaa katoni yenye vyuma vyake, uipandishe mlimani mwenyewe, bila jirani. Ukifika usianze na wati. Ninyi mafundi mkiwa na aibu mnakimbilia namba. Anza na neno moja: uliniambia hapana, nikafanya, nisamehe. Kisha funga mdomo. Akikasirika, mwache akasirike hadi mwisho, usimkatize kwa kumkumbusha kwamba betri sasa haizimiki, anajua, anaishi nayo.

Akishamaliza, muulize anataka nini. Akitaka vyuma vyake vyote virudi, virudishe siku hiyo hiyo bila kununa, na ukamfungie paneli ya pili ili mtu asimbabaishe tena. Akitaka ibaki ilivyo, ibaki. Akitaka uondoke, ondoka, na urudi kesho yake. Kuhusu Mzee Nyaya, usimzuie hata kidogo. Mpokee, mbebee pasi yake, mfungulie skrubu wewe mwenyewe. Aibu ya fundi mbele ya fundi mwenzake haijawahi kuua mtu.

Na huyo mteja mrudishie redio yake.

*

Mpendwa Shangazi,

Nimerudi, na nimelala usiku tatu mfululizo.

Mke wangu nilimwambia Jumanne akiwa anakunja nguo. Akaacha kukunja, akanitazama, akasema alikuwa anajiuliza siku zote kwa nini namwogopa paka wa baba yake kama shahidi wa kesi. Halafu akawa mkali, alinisema hadi nguo zikaisha kukunjwa, na mwisho akasema mimi na baba yake tumetoka kiwanda kimoja, kila mtu anamficha mwenzake ili asimuumize. Kumbe ilibidi nielewe hapo kwamba na baba yake ana lake analoficha, lakini sikuelewa.

Alhamisi nikapandisha katoni. Shangazi, vile vyuma ni vizito. Nilifika nimeloa kama mtu aliyenyeshewa, nikamkuta mzee barazani anapiga randa ubao, nikaiweka katoni miguuni pake nikasema maneno yako kama ulivyoniagiza, kisha nikafunga mdomo, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko mlima.

Mzee alifungua katoni, akatoa transfoma, akaipima mkononi, akairudisha. Akasema siku ile nilipomkabidhi boksi mlangoni alilinyanyua kwa nguvu zake zote kama alivyozoea, na nusura alitupe darini. Nikashindwa kujua kama nicheke. Kisha akasema, "Wiki ya kwanza niliumia. Vyuma ni vyuma tu. Kilichoniuma ni kwamba uliniona mimi si mtu wa kuambiwa." Nikamwambia ni kweli, baba, na sikuongeza namba yoyote.

Nilipomuuliza anataka nini, alifikiri akasema saketi yangu ibaki mle ndani, maana sauti yake aliipenda, na sifa aliyoitoa siku ile, ingawa alijua, hakuitengua, ila vyuma vya zamani havitarudi dukani kwangu, vitakaa kwake chini ya kitanda, na siku akitaka kuvisikia tena atanipigia simu. "Simu ina chaji," akasema, "nashukuru."

Mzee Nyaya alikuja Jumamosi. Nilimfungulia skrubu mwenyewe. Alichungulia kama daktari, akagusa kila kiungo kwa ncha ya kalamu, akasema ulehemu ni safi. Alipofika kwenye kichelewesho akauliza hiki ni cha nini, nikalazimika kumweleza, na hapo wazee wawili walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Mzee Nyaya aliniambia nikitoe. Alisema watu wa umri wao hawana sekunde ishirini za kuchezea. Nikakitoa pale pale, sasa ukiwasha unasikia mara moja.

Jioni ilipokaribia baba mkwe akanisindikiza hadi pale njia inapoingia kwenye miti. Nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanisumbua tangu Alhamisi, kwa nini alinyamaza miezi yote ile na wakati alikuwa anajua. Alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Nilinyamaza kwa faida yangu," alisema. "Zamani ulikuwa unakuja sikukuu kwa sikukuu. Ulipoanza kuogopa, ukawa unakuja kila Jumapili, unakaa, tunasikiliza. Nikaona nikikuambia najua, utaacha kuogopa, na kuja utaacha."

Shangazi, nililia, sioni aibu kukuambia. Yeye alitazama miti. Kisha nikamwambia kesho Jumapili nakuja. Akauliza nakuja kukagua nini. Nikasema hakuna kilichobaki cha kukagua.

"Basi uje asubuhi," akasema, "tuanze na upande wa kwanza."